Kupanga na kunakili mafaili binafsi kabla ya kupandisha toleo la Linux

Kupanga na kunakili mafaili binafsi kabla ya kupandisha toleo la Linux ni kazi ya kukusanya, kupanga na kutunza nakala za mafaili ya mtumiaji wa kompyuta kabla mfumo endeshi wa kompyuta hiyo haujahamishwa kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya. Nakala hizo huitwa nakala rudufu au nakala za akiba. Mafundi wengi wa kompyuta nchini Tanzania huziita pia *bakapu*.

Lengo la kazi hii ni kuhakikisha kwamba kama upandishaji wa toleo utakwama, diski itaharibika au umeme utakatika katikati, mtumiaji hatapoteza picha, hati, barua au kazi zake za masomo. Mfumo endeshi unaweza kupakuliwa tena bure wakati wowote. Picha ya marehemu babu au sauti ya mzee akisimulia kwa Kimeru haiwezi kupakuliwa popote ikiwa ilikuwa mahali pamoja tu.

Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa jumla, na inatoa mifano kutoka mazingira ya Moshono, kata iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru.

## Maana ya maneno

Maneno matatu huchanganywa mara nyingi:

* Kusasisha ni kupokea marekebisho madogo ya programu ndani ya toleo lilelile. Kazi hii hufanyika kila wiki au kila siku na hatari yake ni ndogo.
* Kupandisha toleo ni kuhama kutoka toleo moja la mfumo kwenda jingine, kwa mfano kutoka Ubuntu 22.04 kwenda Ubuntu 24.04. Maelfu ya vifurushi vya programu hubadilishwa kwa mpigo.
* Kusakinisha upya ni kuweka mfumo kuanzia mwanzo. Mara nyingi diski hufutwa yote.

Mafaili binafsi hubaki salama katika hali nyingi za kupandisha toleo, kwa sababu hukaa katika folda ya nyumbani ya mtumiaji iliyo chini ya `/home`, wakati mfumo hukaa katika folda nyingine. Hata hivyo, hakuna uhakika kamili. Upandishaji ukishindikana, njia ya haraka ya kurudisha kompyuta kazini huwa ni kusakinisha upya, na hapo ndipo watu wengi hupoteza mafaili yao.

## Historia fupi

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Ufini. Debian ilianzishwa mwaka 1993. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitolewa mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth kutoka Afrika Kusini.

Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mradi huo ulisaidia kuingiza maneno ya kompyuta katika Kiswahili na kuonyesha kwamba programu huria zinaweza kutumika kwa lugha ya wananchi.

Matoleo ya Ubuntu hutoka kila mwezi Aprili na Oktoba. Toleo la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hupata marekebisho ya kawaida ya usalama kwa miaka mitano. Kwa sababu hiyo kila mtumiaji hulazimika kupandisha toleo siku moja. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikwisha mwaka 2025. Ule wa Ubuntu 22.04 unakwisha mwaka 2027. Debian 13 ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025, ikichukua nafasi ya Debian 12 ya mwaka 2023.

Sababu nyingine ya kuhama ni kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11, na baadhi ya wenye nazo wamechagua Linux badala ya kuzitupa. Kwao kunakili mafaili ni muhimu zaidi, kwa kuwa kuhama kutoka Windows kwenda Linux kwa kawaida humaanisha kufuta diski.

## Mazingira ya Moshono na Arusha

Arusha ni mji wa utalii, vyuo na mikutano. Katika eneo lake na jirani kuna Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru. Wanafunzi, waongoza watalii, walimu na wenye biashara ndogo hutunza kwenye kompyuta zao tasnifu, picha za wanyama, mitihani, hesabu na vyeti vilivyopigwa skani. Mambo kadhaa ya mazingira huathiri kazi ya kunakili:

* Umeme. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika gridi ya taifa ilikata umeme katika sehemu kubwa ya Tanzania. Umeme ukikatika wakati vifurushi vinabadilishwa, kompyuta ya mezani huweza kushindwa kuwaka tena. Kompyuta mpakato yenye betri nzima iko salama zaidi.
* Intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa hafifu Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mtu ambaye nakala yake pekee ilikuwa katika hifadhi ya mtandaoni alipata shida kuifikia katika siku hizo.
* Gharama ya bando. Kupakia mafaili ya gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua takriban saa 44 bila kukatika. Kunakili kiasi hicho kwenye diski ya nje kwa USB 2.0, kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, huchukua karibu saa moja.
* Flashi bandia. Baadhi ya flashi za bei nafuu zinazouzwa madukani na barabarani huonyesha ukubwa ambao hazina. Flashi inaweza kuandikwa gigabaiti 512 huku uwezo wake halisi ni mdogo sana. Mafaili huonekana yameingia, lakini hayafunguki.

Kutokana na hayo, njia inayofaa zaidi kwa mkazi wa Moshono ni kuanza na diski ya nje iliyo mkononi, kisha kutumia intaneti kwa mafaili machache yaliyo muhimu kuliko yote.

## Mafaili yanayopaswa kunakiliwa

### Yanayoonekana

Haya ni mafaili ya folda za hati, picha, muziki, video, vipakuliwa na eneo la kazi. Watumiaji wengi huyakumbuka, isipokuwa yale yaliyowekwa nje ya folda ya nyumbani, kwa mfano kwenye diski ya pili ya ndani.

### Yaliyofichwa

Katika Linux, faili au folda ambayo jina lake huanza na nukta haionekani kwa kawaida. Katika kidhibiti faili cha Ubuntu, kubonyeza Ctrl pamoja na H huyaonyesha. Baadhi yake ni:

* `.ssh` na `.gnupg` – funguo za kuingilia seva na za kusimba ujumbe. Zikipotea haziwezi kutengenezwa upya zikiwa zilezile.
* `.mozilla` – alamisho na manenosiri ya kivinjari cha Firefox. Firefox iliyosakinishwa kama snap huyaweka ndani ya folda `snap`, si hapa.
* `.thunderbird` – baruapepe zilizopakuliwa na anwani. Nayo huweza kuwa ndani ya `snap`.
* `.config` na `.local` – mipangilio na data za programu nyingi.
* `.var/app` – data za programu zilizosakinishwa kwa Flatpak.

### Yaliyo nje ya folda ya nyumbani

Kundi hili ndilo husahaulika zaidi. Programu za hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL huweka data zake chini ya `/var/lib`. Mwenye duka anayetumia programu ya mauzo kwenye kompyuta yake anaweza kunakili folda nzima ya nyumbani na bado akaacha rekodi zote za mauzo. Hifadhidata inayofanya kazi hainakiliwi kwa kuburuta mafaili yake, bali hutolewa kwa amri maalumu: `mysqldump` au `pg_dump`.

Tovuti zinazojaribiwa kwenye kompyuta hukaa mara nyingi katika `/var/www`. Mipangilio ya mfumo iko katika `/etc`, na manenosiri ya Wi-Fi huwekwa kwa kawaida katika `/etc/NetworkManager/system-connections`. Ratiba za kazi za mtumiaji huonekana kwa amri `crontab -l`.

Programu zenyewe hazihitaji kunakiliwa. Inatosha kuandika orodha yake kwa amri `apt-mark showmanual > orodha-ya-programu.txt`, kisha kuzisakinisha tena zinapohitajika.

## Kupanga mafaili

Kunakili bila kupanga huhamisha vurugu kutoka diski moja kwenda nyingine. Kupanga huanza kwa kujua ukubwa wa vitu. Amri `df -h` huonyesha nafasi iliyobaki katika kila diski, na `du -sh ~/*` huonyesha ukubwa wa kila folda inayoonekana ya mtumiaji.

Baada ya hapo mafaili hugawanywa katika makundi matatu:

1. Yasiyopatikana tena: picha za familia, sauti na video za mtumiaji, tasnifu, michoro, funguo, hesabu za biashara.
2. Yanayopatikana kwa taabu: skani za vyeti na hati za kiwanja ambazo karatasi zake zipo, vitabu vilivyonunuliwa, mipangilio ya programu.
3. Yanayopatikana kwa urahisi: filamu zilizopakuliwa, visakinishi vya programu, mafaili ya muda.

Kundi la kwanza hupewa nakala nyingi zaidi. Kundi la tatu linaweza kuachwa nafasi ikiwa ndogo.

Majina ya folda na mafaili husaidia sana yakianza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano `2025-03-14-harusi-moshono`. Kompyuta ikipanga kwa alfabeti, mafaili hayo hujipanga kwa tarehe yenyewe. Majina kama `mpya`, `mpya2` na `ya-mwisho-kabisa` hupoteza maana baada ya wiki chache.

Mafaili yanayojirudia yanaweza kutafutwa kwa programu ya `fdupes`. Hata hivyo, si vema kufuta kitu chochote kabla ya nakala ya kwanza kukamilika na kukaguliwa. Makosa mengi ya kufuta hutokea wakati wa usafi huu, hata kabla upandishaji wenyewe haujaanza.

## Kuchagua kifaa

Diski ya nje ndiyo chaguo la kawaida. Inapaswa kuwa na nafasi kubwa kuliko mafaili yote yatakayonakiliwa. Flashi hufaa kwa mafaili machache na kwa muda mfupi. Haifai kukaa kwenye droo kwa miaka ikiwa ndiyo nakala pekee. Sehemu nyingine ya diski ileile haihesabiwi kuwa nakala ya akiba, kwani diski ikifa sehemu zake zote hufa pamoja.

Flashi au kadi mpya yenye mashaka hupimwa kwa programu ya `f3`. Amri `f3write` hujaza kifaa kwa mafaili ya majaribio na `f3read` huyasoma tena ili kuona kama yamebaki mazima.

Fomati ya diski nayo ina maana:

* FAT32 haikubali faili moja la kufikia gigabaiti 4. Video ndefu hukataliwa.
* exFAT hukubali mafaili makubwa na husomeka katika Linux, Windows na Mac, lakini haitunzi umiliki na ruhusa za mafaili ya Linux.
* ext4 hutunza kila kitu cha Linux, lakini Windows haiisomi bila programu ya ziada.

Kwa picha na hati za kawaida exFAT inatosha. Kwa folda nzima ya nyumbani, pamoja na funguo na mipangilio, ext4 ni bora. Kama diski ya exFAT ndiyo pekee iliyopo, mafaili yanaweza kufungashwa kwanza kwa `tar`, ambayo hutunza ruhusa ndani ya kifurushi chake. Kubadilisha fomati hufuta kila kilichomo kwenye diski. Kwa hiyo diski iliyoazimwa hukaguliwa kwanza na mwenyewe huulizwa.

## Kanuni ya 3-2-1

Kanuni inayojulikana sana katika kazi hii ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh. Inataka kuwe na nakala tatu za kila faili muhimu, katika aina mbili za hifadhi, na nakala moja iwe mbali na nyumbani.

Kwa mkazi wa Moshono kanuni hii haihitaji fedha nyingi. Nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye kompyuta. Ya pili iko kwenye diski ya nje. Ya tatu, ya mafaili ya kundi la kwanza tu, inaweza kuwa mtandaoni au kwenye diski nyingine iliyowekwa kwa ndugu anayeishi Usa River, Moshi au Dar es Salaam. Mwizi akiingia nyumbani huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo juu ya meza ileile. Moto na mafuriko navyo havichagui.

## Hatua za kunakili

Mfano ufuatao unahusu mtumiaji mwenye jina la akaunti `mwanafunzi` na diski ya nje ya ext4 iitwayo `AKIBA`.

1. Kufunga programu. Firefox, Thunderbird na programu za ofisi hufungwa ili mafaili yake yasibadilike wakati yananakiliwa.
2. Kutambua diski. Amri `lsblk -f` huorodhesha diski zote, fomati zake na mahali zilipoambatishwa. Hatua hii huzuia kuandika kwenye diski isiyokusudiwa.
3. Kufanya jaribio. Amri ifuatayo huonyesha kitakachonakiliwa bila kunakili chochote, kwa sababu ya herufi *n*:

`rsync -avhn /home/mwanafunzi/ /media/mwanafunzi/AKIBA/nyumbani/`

4. Kunakili kwenyewe. Herufi *n* huondolewa:

`rsync -avh --progress /home/mwanafunzi/ /media/mwanafunzi/AKIBA/nyumbani/`

5. Kunakili vya nje ya nyumbani. Hifadhidata, `/etc` na orodha ya programu huongezwa. Kusoma baadhi ya mafaili ya `/etc` huhitaji `sudo`.
6. Kutoa diski kwa utaratibu. Diski hutolewa kwa kitufe cha kidhibiti faili, si kwa kuchomoa waya ghafla, kwani sehemu ya data huweza kuwa bado haijaandikwa.

Programu ya `rsync` ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Sifa yake kubwa ni kwamba kazi ikikatizwa, kwa mfano umeme ukizimika, amri ileile ikirudiwa huruka mafaili yaliyokwisha kunakiliwa na kuendelea na yaliyobaki. Alama ya mkwaju mwishoni mwa chanzo humaanisha "vilivyomo ndani ya folda hii". Bila mkwaju huo folda yenyewe hunakiliwa ndani ya lengo. Chaguo la `--delete` hufuta katika nakala kila kisichokuwepo katika chanzo. Anayeanza anashauriwa kutolitumia, kwa kuwa akikosea na kugeuza chanzo na lengo anaweza kufuta mafaili asilia.

Kwa diski ya exFAT, kifurushi hutengenezwa hivi:

`tar -czpf /media/mwanafunzi/AKIBA/nyumbani.tar.gz -C /home mwanafunzi`

Wasiopenda terminali wanaweza kutumia Déjà Dup, programu yenye madirisha na vitufe inayopatikana katika hazina za Ubuntu na Debian. Timeshift, inayojulikana hasa kwa watumiaji wa Linux Mint, ina kazi tofauti: hutunza picha ya mfumo ili urudishwe ukiharibika, na kwa mipangilio yake ya kawaida haigusi mafaili binafsi. Anayeitegemea Timeshift pekee hana nakala ya picha zake.

## Kukagua nakala

Nakala isiyokaguliwa haipaswi kuhesabiwa. Kuna viwango vitatu vya ukaguzi.

Cha kwanza ni kufungua mafaili machache ya kila aina moja kwa moja kutoka diski ya nje: picha, hati, video na faili moja kubwa. Ni bora kufanya hivyo kwenye kompyuta nyingine, ili kuhakikisha kwamba diski inasomeka mahali pengine pia.

Cha pili ni kulinganisha maudhui yote. Amri `rsync -avnc` yenye chanzo na lengo vilevile husoma kila faili pande zote mbili na kutaja yale yanayotofautiana, bila kubadilisha kitu. Kwa mafaili mengi huchukua muda mrefu. Kwa kifurushi cha tar, amri `tar -tzf` hupitia kifurushi hadi mwisho na kutoa taarifa ya kosa kikiwa kimeharibika.

Cha tatu ni kujaribu kurejesha: kuchagua folda moja, kuirudisha mahali papya na kuitumia. Kwa hifadhidata, huu ndio ukaguzi unaoaminika zaidi.

## Siku ya kupandisha toleo

Baada ya nakala kukaguliwa, diski ya nje huchomolewa na kuwekwa mbali. Ikiachwa imeunganishwa, kosa moja katika dirisha la kusakinisha linaweza kuifuta pia.

Kompyuta mpakato huwekwa kwenye chaji betri ikiwa imejaa. Kompyuta ya mezani huunganishwa na UPS kama ipo. Nafasi ya diski huangaliwa kwa `df -h`, kwani upandishaji hupakua gigabaiti kadhaa na hukwama diski ikijaa. Bando nalo hupimwa kabla ya kuanza.

Katika Ubuntu, toleo lililopo husasishwa kwanza kwa `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade`, kisha huendeshwa `sudo do-release-upgrade`. Matoleo ya muda mrefu hupandishwa moja baada ya jingine: kutoka 20.04 kwenda 22.04, kisha 24.04. Hazina za programu za watu wengine huzimwa wakati wa kazi hii na huhitaji kuwashwa tena baadaye.

Ni busara pia kuandaa mapema flashi nyingine yenye kisakinishi cha mfumo. Kompyuta isipowaka, flashi hiyo huiwasha bila kutumia diski ya ndani, na mafaili yaliyomo huweza kusomwa na kunakiliwa kabla ya hatua nyingine.

Siku isiyofaa ni mkesha wa kuwasilisha tasnifu au wa safari ya wageni. Muda bora ni siku ambayo kompyuta inaweza kukaa bila kazi hadi kesho yake.

## Kurejesha mafaili

Kama upandishaji umefaulu, mafaili hubaki mahali pake na nakala huendelea kutunzwa bila kuguswa kwa wiki kadhaa. Hitilafu nyingine hujitokeza baada ya siku nyingi.

Kama mfumo umesakinishwa upya, hati, picha na video hurudishwa kwanza. Folda zilizofichwa hurudishwa moja moja, si zote kwa pamoja, kwa sababu mipangilio ya programu ya zamani huweza kugongana na programu mpya. Folda ya `.ssh` hurudishwa na ruhusa zake kuangaliwa: mwenye akaunti pekee ndiye anayepaswa kuisoma, la sivyo programu ya SSH hukataa kutumia funguo.

## Usalama na faragha

Diski ya akiba hubeba maisha ya mtu mahali pamoja. Ikiibwa, mwizi hupata vyeti, picha na wakati mwingine manenosiri. Linux ina njia ya kusimba diski nzima iitwayo LUKS, ambayo huweza kuchaguliwa katika programu ya diski wakati wa kubadilisha fomati. Nenosiri lake likisahaulika data haipatikani tena, kwa hiyo huandikwa na kuhifadhiwa mahali salama tofauti na diski.

Wanaotunza taarifa za watu wengine, kama vile orodha za wanafunzi, wagonjwa au wateja, wana wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai taarifa hizo zilindwe. Nakala za akiba nazo ni taarifa binafsi. Anayempa fundi kompyuta yake hushauriwa kubaki na nakala yake mwenyewe, na kuondoa kwanza yale asiyotaka yaonekane.

## Mifano ya matukio

Mwaka 1998, wakati studio ya Pixar ya Marekani ikitengeneza filamu ya *Toy Story 2*, amri ya kufuta iliendeshwa kimakosa na sehemu kubwa ya kazi ikaanza kutoweka kwenye seva. Nakala za akiba za studio zikagunduliwa kuwa hazifanyi kazi ipasavyo. Kazi iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, aliyekuwa akifanya kazi nyumbani baada ya kujifungua, alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Hiyo ilikuwa nakala iliyo mbali.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Njia kadhaa za kunakili zilizokuwa zimewekwa zilibainika kuwa hazifanyi kazi. Data za takriban saa sita zilipotea.

Arusha yenyewe ina mfano wa utunzaji mkubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilianzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikafanya kazi zake mjini Arusha na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Kumbukumbu zake, za karatasi, sauti, video na za kidijitali, zinatunzwa Lakilaki, nje ya mji, katika majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016. Kanuni zinazoongoza hifadhi kubwa kama hiyo ni zilezile za mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato: kujua kilichopo, kukipanga, kukinakili na kukagua kama bado kinasomeka.

## Makosa ya kawaida

* Kuhamisha mafaili badala ya kunakili, hivyo kubaki na nakala moja tu kwenye diski ya nje.
* Kudhani kwamba kusawazisha mafaili na mtandao ni sawa na kuwa na nakala ya akiba. Faili likifutwa kwenye kompyuta, hufutwa na mtandaoni pia.
* Kusahau mafaili yaliyofichwa na hifadhidata.
* Kutumia flashi mpya bila kuipima.
* Kuandika nakala mpya juu ya ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba mpya ni nzima.
* Kuweka nenosiri la diski iliyosimbwa ndani ya kompyuta inayotaka kufutwa.
* Kukagua nakala baada ya kufuta diski badala ya kabla.